Yule Dada wa Ndoo Niliyemwita Chizi: Leo Nasutwa Mimi

Leo sina ubuyu wa staa yeyote. Hakuna aliyeachana, hakuna aliyefumaniwa, hakuna aliyepanga nyumba akasema kajenga. Leo anayesutwa ni mimi mwenyewe mwenye ukurasa. Kama una haraka rudi kesho, maana hii ni ndefu, na nakuomba ukianza umalize. Mbele huko utaelewa kwa nini naomba hivyo.

Wale wa siku nyingi mnaikumbuka ile klipu ya mwishoni mwa Novemba 2024. Ilikuwa na sekunde 38. Niliirekodi mwenyewe hapa hapa Turwa, Tarime, nikaipa kapshen ya kibabe: "MAAJABU TURWA: Dada apandisha mashetani mchana kweupe, aanza kuvua nguo mbele za watu." Nikaweka na vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Mkashea. Mkacheka. Na mimi nikacheka.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, kama saa kumi jioni. Nilikuwa natoka steshenari, ninapotoa kopi na kuwaandikia watu barua za kuomba kazi ambazo mimi mwenyewe sijawahi kuzipata. Nikaona watu wamejaa kwenye kiwanja kimoja karibu na kwetu. Kwa bloga, watu wakijaa ni kama nzi kuona mtori, lazima utue. Nikapenya.

Katikati alikuwa dada mmoja, jina kapuni, umri kama wangu hivi. Amejifunga khanga juu ya khanga, mwili umevimba kama mzigo wa mitumba. Mbele yake ndoo tupu ya plastiki. Anatembea kinyumenyume kuizunguka ile ndoo, taratibu, macho kavu. Akimaliza mzunguko anapiga kigelegele, anafungua khanga moja, anaidondosha chini. Anaanza tena, kinyumenyume. Hasemi na mtu, hacheki, haombi hela.

Watoto wakaanza kumwigiza. Jamaa mmoja wa bodaboda akapiga honi. Mwingine akasema, "Huyu kapigwa kombora." Nikatoa simu, nikarekodi mzunguko mmoja na nusu, nikaona inatosha, nikaondoka zangu. Chaji ilikuwa asilimia 9, na kichwani nilikuwa nishaandika kapshen.

Mpaka saa tano usiku klipu imetazamwa mara 11,000. Kwa ukurasa wangu hiyo ni harusi. Nililala nikiwa nahesabu watu badala ya kondoo.

Asubuhi nikakuta ujumbe kutoka kwa namba ya mtu nisiyemjua. Mstari mmoja tu: "Kaka, ulikaa mpaka mwisho?"

Sikuelewa. Nikajua ni mdau anataka muendelezo. Nikamjibu, "Mwisho ulikuwaje mdau, nipe ubuyu." Hakujibu.

Ile klipu nikaja kumuonesha Mama. Mama yangu ni mtu wa kucheka, ukimuonesha mbuzi kapanda bajaji atacheka mpaka akae chini. Alikuwa anafua. Akakausha mikono kwenye khanga, akaishika simu mbali kidogo kama wanavyofanya watu wasio na miwani, akatazama. Hakucheka. Akanirudishia simu, akaendelea kufua.

Nikamuuliza, "Mama, vipi, hujaona anavyofanya?"

Akasema, "Nilikuwepo."

"Ulikuwepo wapi?"

"Pale. Nyuma, na mama wa duka. Tulikaa mpaka akamaliza. Wewe ulikaa?"

Swali lilelile, mara ya pili ndani ya siku moja. Nikanyamaza. Mama akakamua shuka, akaianika, halafu akasema bila kunitazama, "Mura, vile vigelegele navijua." Akaingia ndani. Siku hiyo hatukuongea tena.

Sasa kwa wadau wa mbali ambao Tarime mnaijua kwa bangi za kwenye utani na ugomvi wa kwenye magazeti, lazima niwaweke sawa. Kwetu Ukuryani, Desemba ya mwaka unaogawanyika kwa mbili ina uzito wake. Ndo msimu wa esaro, tohara. Wazee wa mila wakishafungua, mtaani kunabadilika. Vijana waliotoka kutahiriwa wanasindikizwa na umati, watu wamejipaka unga usoni, filimbi, fimbo, mapanga yanang'aa juani, wanaume wengine wamevaa magauni, nyimbo mpaka sauti zinakauka. Mgeni akiona anaweza kukimbilia stendi. Sisi tunaona sherehe.

Ila ndani ya msimu huohuo kuna upande ambao hauimbwi sana kwenye mitandao. Wasichana nao wanakatwa. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ilishafanya ukeketaji wa binti aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015 na 2016 bado ulikuta mkoa wetu wa Mara karibu mwanamke mmoja kati ya watatu amepitia. Ndo maana Desemba ikikaribia mabinti wanakimbilia nyumba salama, kule Masanga hapa Tarime na kule Mugumu, Serengeti. Haya yote nilikuwa nayajua. Nimezaliwa humu. Nilikuwa nayajua kama mtu anavyojua bei ya sukari, yaani unajua na unapita.

Siku ya tatu ndo taarifa zikaanza kunifikia. Ile klipu ilikuwa imeingia kwenye grupu la WhatsApp la ukoo wa yule dada. Mjomba wake akaiona. Akaitwa kikao. Akaambiwa ameaibisha nyumba, amevua nguo hadharani, nani atamuoa mwenye mashetani. Simu ikachukuliwa. Alikuwa anajifunza ushonaji kwa fundi mmoja pale mjini, amebakiza miezi miwili amalize. Fundi naye akamwambia wateja wanaogopa, asije tena.

Wadau, nitasema ukweli. Kitu cha kwanza nilichofanya haikuwa kujuta. Nilianza kujitetea kichwani. Nikasema mimi nimerekodi kilichotokea, sijatunga. Barabara ni ya wote. Si yeye mwenyewe alijitoa mbele za watu? Hoja zangu zilikuwa nzuri kabisa, shida ni kwamba nilikuwa nazirudia saa nane usiku, sijalala.

Nikamtafuta. Ilinichukua wiki nzima na soda tatu za kuhonga. Nikaambiwa yuko kwa shangazi yake. Nikaenda na kilo mbili za sukari maana sikujua mtu anaenda kuomba radhi na nini. Shangazi akanipokea, nikampa shikamoo, nikajitambulisha. Uso wake ukabadilika. Akaniambia nisimame palepale mlangoni. Akaingia ndani, kimya kirefu, halafu dada akatoka.

Nilitegemea matusi. Nilikuwa nimejiandaa nayo. Akaniangalia, akasema, "Kwa hiyo hukukaa."

Nikasema, "Sikukaa dada."

"Basi hujaniona. Umerekodi mtu mwingine."

Tukakaa nje kwenye benchi, shangazi akiwa karibu anachambua dagaa kwa hasira. Akanisimulia. Miaka ya nyuma alienda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, maeneo ya Mikocheni. Kuna rafiki yake alimpeleka Nafasi Art Space, kile kituo cha wasanii kilichoanza mwaka 2008. Alidhani anaenda kuona picha za ukutani. Akakuta mtu anatumia mwili wake mwenyewe kama picha. Hakuna mistari ya kukariri kama maigizo, hakuna mdundo wa kuchezea kama disko. Mwili, sauti, mwendo na kitu kimoja cha nyumbani tu. Anasema alisimama pale mpaka miguu ikamuuma, na akatoka akiwa na wazo moja: kumbe yale ambayo mdomo umekatazwa kusema, mwili haujakatazwa.

Wenyewe wanaiita pafomansi. Mimi nilikuwa naijua neno lile kwa wanamuziki tu, fulani kapiga pafomansi kali kwenye tamasha. Niliporudi nyumbani nikajiunga bando la usiku nikaanza kusoma. Elimu yangu ni kidato cha nne na matokeo yake siyataji, ila kusoma usiku najua.

Nikakuta mwanamke Mjapani anaitwa Yoko Ono. Mwaka 1964, mjini Kyoto, alikaa jukwaani na nguo yake nzuri, mbele yake mkasi. Watu wakaalikwa waje mmojammoja wakate kipande cha ile nguo waondoke nacho. Yeye katulia tu. Kazi yote ilikuwa hiyo, kuona watu watakata mpaka wapi wakipewa ruhusa.

Nikakuta mwingine, Marina Abramović, mzaliwa wa Belgrade. Mwaka 1974, Naples, Italia, aliweka mezani vitu 72. Waridi, asali, mkasi, bastola na risasi yake. Akasema kwa saa 6 watu wamfanyie watakalo, yeye hatapinga. Mwanzo walikuwa wapole. Baadaye wakamchania nguo, wakamkata ngozi, na kuna mtu akafika mpaka kumuelekezea ile bastola. Saa zilipoisha akaanza kutembea kuwafuata kama binadamu wa kawaida, wakakimbia. Hawakuweza kumtazama usoni.

Hapo nikaweka simu chini. Maana nilijiona. Mimi ndo nilikuwa yule aliyeshika mkasi kwa sababu umewekwa mezani. Na dada aliponitokea mlangoni kama binadamu wa kawaida, miguu yangu ilitaka kukimbia vilevile.

Nikajua wapo watakaosema hayo ni mambo ya wazungu na Wajapani. Haya, tusogee nyumbani. Kinshasa kuna tamasha la mtaani linaitwa KinAct. Wasanii wanajivika takataka za jiji, makopo, nyaya, vipande vya simu mbovu, matairi, wanatembea katikati ya watu sokoni. Hapo hata bila hotuba unaelewa jiji limemezwa na nini. Na hapa kwetu Tanzania yupo Rehema Chachage, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Kazi zake zinachanganya video, sauti, maandishi na mwili, na nyingi anazifanya pamoja na mama yake mzazi, mwandishi Demere Kitunga, wakifuatilia habari za wanawake wa ukoo wao, mama, bibi, mpaka nyuma huko. Yaani binti na mama yake wanakaa chini wanaulizana tulitoka wapi, na hilo linakuwa sanaa inayooneshwa nchi za watu.

Halafu nikarudi kwetu kabisa. Mzee anayepiga litungu, lile lenye nyuzi nane linalounguruma mpaka kifuani, si anatumia mwili, sauti na kifaa? Wachezaji wake wanaotikisa mabega mpaka unadhani mifupa imelegea, wana tofauti gani? Na ule umati wa esaro, unga usoni, wanaume na magauni, mapanga? Siku ile hakuna anayesema wamechanganyikiwa. Dada yule hakuleta kitu kigeni Turwa. Alichukua lugha ya hapahapa, akaitumia kusema kitu ambacho lugha hiyo huwa haitumiwi kukisema. Sisi tukaona rahisi kumuita chizi kuliko kumsikia.

Na niseme hili pia kabla sijaulizwa. Hata kama angekuwa mgonjwa kweli, ndo ningekuwa na haki ya kumrekodi na kumuwekea vikatuni? Hilo sijalipatia jibu la kujitetea mpaka leo.

Sasa nije kwenye mwisho ambao sikuuona.

Nilipomwambia Mama nimeenda kumuona yule dada, Mama akasema, "Mwambie aje hapa." Sikuamini. Ikapita wiki, dada akaja na shangazi yake, Jumapili mchana. Mama alikuwa ameita wanawake wenzake wanne. Nyuma ya nyumba yetu kuna kauwanja kadogo, kuna kamba ya kuanikia na mti mmoja wa mparachichi. Mama akaleta beseni akaniambia, "Simu humo." Nikaweka. Wanawake nao wakaweka za kwao. Mimi nikaambiwa nikae mlangoni, nisiongee.

Dada akatokea pembeni na ndoo kichwani, khanga sita mwilini. Akaitua. Akaanza kuizunguka kinyumenyume.

Mzunguko wa kwanza nilikuwa naujua, nilishautazama mara nyingi kwenye simu yangu. Akafika mwisho, kigelegele, khanga ikadondoka. Ila kuna kitu simu haikukinasa kwa sababu ya honi na kelele za watu. Baada ya kila kigelegele alikuwa anataja namba, kwa sauti ya chini. "Kumi na moja." Mzunguko, kigelegele, khanga. "Kumi na tatu." Mzunguko. "Tisa."

Ni umri. Nilichelewa kuelewa. Wanawake hawakuchelewa, niliona mabega yao.

Kila mzunguko kigelegele kinakuwa kirefu kuliko cha mwanzo. Na kila khanga ikidondoka anazidi kuwa mwembamba, mdogo, mpaka chini yake unaona kumbe kavaa fulana na suruali ya michezo. Hakuwahi kuvua nguo. Kapshen yangu ilikuwa uongo, na klipu yangu ilikatwa kabla uongo haujaonekana.

Khanga ya sita, kigelegele hakikukatika. Kikapanda, kikapanda, mpaka ikafika mahali hujui tena kama ni kigelegele au ni kilio. Hakuna mpaka, wadau. Ni sauti ileile. Akiwa bado analia akapiga magoti akaingiza uso ndani ya ndoo, na sauti ikaendelea humo ndani, nzito, ya mbali, kama mtu yuko kisimani. Nje ilibaki minong'ono tu. Hapo nikaelewa maneno ya Mama. Siku ile binti anapokatwa, wanawake wanapiga vigelegele. Ni furaha, ndiyo. Na pia hakuna anayemsikia.

Akanyamaza. Akakaa chini akatupa mgongo. Kimya kilikuwa kirefu sana, mimi mwili ulikuwa unawasha nikitafuta simu mfukoni, haipo. Sikuwa na pa kukimbilia ila kukaa na kile kimya. Kuku wakapita. Jirani akawasha redio akazima.

Kisha akaanza kukunja khanga mojamoja, ncha kwa ncha, kama mtu anayepanga nguo za mtoto. Anaiweka ndani ya ndoo. Ya kwanza, ya pili, mpaka sita. Hiyo sehemu peke yake ilichukua kama dakika kumi.

Alipofika ya sita Mama akasimama. Hakuna aliyempangia. Akatoa khanga aliyojitanda mabegani, akaikunja vilevile, ncha kwa ncha, akaenda kuiweka juu ya zile sita. Akabaki ameinama pale ameshika ukingo wa ndoo.

Dada akamwangalia, akasema, "Tulikuwa sita siku ile. Sasa tuko saba, mama."

Wanawake wengine wawili wakasimama.

Sitaendelea na sehemu hiyo, si yangu. Niseme tu kwamba aliinua ile ndoo, ikiwa imejaa, akajitwisha, na kwa mara ya kwanza akatembea kwenda mbele, akapita katikati yao akatoka. Huo ndo ulikuwa mwisho. Pale kiwanjani alipofanya mara ya kwanza watu walikuwa wameshaondoka, wengine walishamrushia chupa za maji, lakini aliumaliza hivyohivyo, mbele ya Mama, mama wa duka na watoto wachache.

Mimi nina miaka 25. Nimeishi na mama yangu nyumba moja miaka yote hiyo. Nilijua anapenda chai ya tangawizi, nilijua goti lipi linamuuma mvua ikikaribia. Hilo sikulijua. Alikuwa hajawahi kuulizwa, na hakuwa na pa kuliweka mpaka mtu alipoleta ndoo.

Baadaye nilimuuliza dada kwa nini kinyumenyume. Akasema, "Kila Desemba ikija mwili wangu unarudi nyuma bila kuniuliza. Nimeona bora niurudishe mwenyewe, mbele za watu, halafu niutoe." Nikamwambia nataka kuandika kwamba yeye ni mwanaharakati, shujaa wa kupinga ukeketaji. Akakataa katakata. "Usinipe cheo kaka. Mimi sihubiri. Nakumbuka tu, kwa sauti. Na jina langu usiandike, mjomba bado yupo." Nimemsomea haya yote kabla ya kuyaweka hapa. Kuna aya mbili alisema nitoe, nimetoa.

Klipu nilishaifuta. Lakini mnajua mitandao, kufuta ni kama kuokota unga uliomwagika barabarani. Mwezi uliopita nimeikuta kwenye ukurasa mwingine, imewekewa muziki wa kuchekesha. Nilimwandikia mwenye ukurasa aitoe, akanijibu, "Kaka si wewe ndo chanzo?" Sikuwa na la kusema.

Kwa fundi nilienda mara mbili. Mara ya kwanza alinifukuza. Ya pili nilienda na Mama, na Mama aliongea naye kikwetu nikiwa nje, sijui waliongea nini. Fundi amesema atafikiria. Bado anafikiria. Dada anashona kwa mkono nyumbani kwa shangazi, na cherehani ya kukodi wanaitafuta. Kama uko Tarime na una cherehani imekaa bure, nifuate inboksi, nitakuunganisha na shangazi, si na yeye moja kwa moja.

Kwa hiyo ukurasa huu utaendelea na ubuyu, sitawadanganya kwamba nimeokoka. Mastaa wanaoachana tutawasema. Ila nimejiwekea sheria moja. Nikikuta mtu anafanya kitu nisichokielewa mbele za watu, simu inabaki mfukoni mpaka amalize. Akimaliza, namuuliza kwanza. Akikataa, basi nimeona mimi, inatosha. Kazi kama ile huwezi kuikata kipande. Ukiikata, kile unachokishea ni kitu kingine ulichokitengeneza wewe, na mwenye mwili ndo analipa.

Na wewe uliyecheka kwenye ile posti, maana komenti zenu bado nazikumbuka, sikulaumu kuliko ninavyojilaumu. Nakuomba kitu kimoja tu. Jioni ya leo muulize mama yako, au shangazi, au bibi, swali ambalo hujawahi kumuuliza. Halafu kaa, hata akinyamaza. Mimi Mama alikaa kimya siku mbili kabla hajaanza kusema.

Tukutane kwenye komenti. Anayejua kazi nyingine za namna hii, Mwanza, Arusha, Zanzibar, popote, ataje mahali tukaone kwa macho. Anayetafuta ile klipu, hapa haipo.